Punje Nne za Shingoni na Sahani ya Sambaza

Nianze na ubaya wangu mwenyewe, kabla wenzangu wa shirika la parokia hawajausimulia kwa chumvi yao. Nilimwita mke wa mwanangu mtia sumu. Nilimwita hivyo mbele ya wodi nzima ya wanawake, nikiwa na bandeji shingoni na sauti iliyokwaruza kama ya bata. Na yeye anaishi kwa kupika. Seremala ukimwambia kiti chake kimepinda, atakutukana, na kesho atapata mteja mwingine. Mpishi wa Bukavu ukimwambia ametia sumu, umemfunga mikono pamoja na sufuria zake zote.

Kisa kilianza na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao kwetu wanawake wengi wanao na kila mmoja anadhani la kwake halionekani. La kwangu nililibeba miaka mingi chini ya foulard, kitambaa cha shingoni. Mimi ni sekretari wa fakulte moja ya chuo hapa mjini, na wanafunzi walikuwa wameshaamua kwamba nikikasirika ndipo linapovimba. Mwanafunzi akija kudai karatasi yake ya pointi bila kusalimu, nilikuwa nalegeza foulard kidogo tu, naye anasalimu mara mbili. Kwa hiyo msinionee huruma sana. Lile rovu lilinitumikia vizuri.

Lakini likaanza kunikaba. Nikipanda ngazi za ofisi napumua kwa mluzi. Nikila bugali, tonge linasimama njiani kama linasubiri ruhusa. Mwanangu, ambaye mradi wa mpunga unamweka Luberizi karibu mwezi mzima kabla hajarudi nyumbani, akapiga simu: "Maman, enda ku hospitali. Ao mimi naacha kazi, nakuja kukubeba ku mugongo." Nikaenda kwa miguu yangu, maana ninamjua, angekuja kweli.

Hospitali yenyewe iko juu ya kilima, na wakati huo ilikuwa na madaktari wawili wa kupasua. Mmoja muzee, mvi mpaka ndani ya masikio, ambaye kila mshipa wa damu anaufunga kwa uzi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mwingine kijana, amerudi karibuni kutoka masomoni na mashine mpya. Kijana alinionyesha picha yake kwenye simu: koleo refu lenye waya wa umeme. Linabana mshipa, linaupika kwa joto mpaka unajifunga, kisha linaukata. Damu haimwagiki, uzi hautumiki, na mtu anatoka mezani upesi.

"Nataka hiyo," nikasema palepale.

"Maman, muzee naye iko na mukono muzuri," akasema kijana. "Mulifikiri kwanza?"

"Mimi si gunia ya maharage. Sitaki kushonwa na kamba."

Yule muzee alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka tu, akaondoka na nyuzi zake.

Kijana akaketi kunieleza mambo, na hapa ndipo ningepaswa kusikiliza. Alisema nyuma ya rovu zimejificha punje nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu, ile chokaa inayoshika mifupa na kutuliza misuli. Joto la koleo linasambaa kupita pale jicho linapoona, kwa hiyo yeye atakaa mbali na zile punje, na ataacha ncha ipoe kabla ya kuisogeza upande wao. Hata hivyo punje zinaweza kushtuka na kulala siku kadhaa. Zikilala, kalsiamu inashuka, mtu anasikia sisimizi midomoni na vidoleni, mikono inaweza hata kukakamaa. Ndiyo maana nitatafuna vidonge, viwili kila baada ya chakula, bila kuruka.

Nilitikisa kichwa kila alipotua kupumua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia viatu vyake, vya ngozi, vizuri mno, nikijiuliza kama ameoa.

Sasa nimlete mkamwana wangu. Mwanangu alimpata Shabunda, enzi alipokuwa akifanya kazi huko, mahali ambapo barabara ikichoka unabaki na ndege ndogo. Mimi nilikuwa nimeshamchagulia msichana wa kwaya ya parokia yetu, mtoto wa kujulikana, mwenye sauti na magoti ya kusali. Nikaletewa huyu: mrefu, mweusi wa kung'aa, maneno machache, na macho yanayokuangalia mpaka umalize uongo wako. Alipofika mjini hakukaa bure hata juma moja. Alifungua malewa karibu na lango la chuo, yaani benchi mbili, sufuria tano na turubai la bluu, na kila adhuhuri wanafunzi wanajipanga wakingoja sombe, yale majani ya muhogo, na bugali na sambaza. Hata mkuu wa fakulte yetu alikuwa anatuma mtu kumchukulia sahani. Akiniuliza, "Madame, huyu mupishi ni nani?" mimi namjibu, "Nitajuaje, Professeur?"

Eh, nilikuwa mbaya, nawaambia.

Kwetu kuna desturi ya kuonja. Anayekupa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anakunywa funda la kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hiyo ni adabu. Inasema, hapa hakuna karuho. Na karuho ni ile sumu ambayo Bukavu nzima inaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Mtu akikonda, karuho. Akikohoa miezi miwili, karuho. Mimi niliyesoma, niliyefundisha darasa la sita kabla ya kwenda chuoni, nilikuwa nawacheka watu hao hadharani. Lakini mkamwana wangu akiniletea chakula, nilikuwa namwambia kwa sauti tamu, hasa wageni wakiwepo: "Onja kwanza, mwanangu. Shabunda ni mbali, hatujue munapikaka namna gani."

Wageni wanacheka. Yeye anachota, anatafuna, anameza, ananiangalia. Kwa mpishi aliyetoka Shabunda nikaifanya ile desturi ya heshima kuwa kofi la kila siku, na nililipiga nikitabasamu.

Siku ya operesheni, siku ya kwanza ya juma, umeme ulikuwepo, jambo ambalo kwetu ni la kumshukuru Mungu peke yake, na jenereta ilikuwa imewashwa vilevile kwa sababu hakuna anayeuamini. Kabla usingizi haujanichukua nilimwambia daktari kijana, "Usiniunguze." Akasema hataniunguza. Nikazinduka wodini, shingo nyepesi, koo linauma, na mkamwana wangu ameketi kwenye kigoda akinipepea na kifuniko cha sufuria.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja mkulima kutoka Walungu, mwembamba, asiye na meno ya mbele. Yeye rovu lake lilikuwa limetolewa asubuhi ileile na yule muzee, kwa uzi. Nilimhurumia kwa sauti. "Pole, Mama. Bao balikushona na kamba? Mimi ni mashine." Yule bibi akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Tutaona."

Vidonge vikaletwa jioni ile. Vikubwa, vyeupe, vya kutafuna, na ladha yake ni chaki tupu. Sasa mimi nimekula vumbi la chaki miaka yote ile ya ualimu, nikaona nimeshamaliza fungu langu. Tena nina ufundi wa zamani: tulipokuwa bweni kwa masista, kwinini ilikuwa inatolewa mstarini, na mimi sikuwahi kuimeza hata siku moja. Muuguzi anakupa, unaweka kiganjani, unapeleka mkono mdomoni, unatafuna hewa, unameza mate, unashukuru. Kidonge kinabaki kati ya vidole. Nilifanya hivyo, na vyote nikavifunga katika pembe ya kitenge changu, fundo moja gumu. Nilicheka chini ya shuka. Umri wangu huu, na bado mkono haujasahau!

Mkamwana aliliona lile fundo alipotaka kufua kitenge. Akaligusa, akaliacha. Alidhani ni pesa za mama mkwe, na pesa za mama mkwe hazifunguliwi.

Chakula chake nacho nilikikataa. Kesho yake alileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamekaangwa wakavu, wa kuliwa na mifupa na kichwa. "Munganga anasema mifupa ya samaki inasaidia, Maman." Nikamwambia aonje. Akaonja. Nikamwambia aonje tena, kichwa. Akala kichwa. Kisha nikasukuma sahani kwa bibi wa Walungu: "Kula weye. Hawa samaki bananiangalia vibaya." Bibi hakujali wanavyoangalia. Alikuwa anawasaga kwa fizi na kwa magego yake ya nyuma, sahani nzima, na baada yake vidonge vyake viwili, krach krach, kama mtoto na bonbon. Mimi nikanywa chai na mkate.

Jioni ya siku hiyo ya pili nikasikia kitu kikitembea kuzunguka mdomo wangu. Nikapangusa. Hakuna kitu. Kikaendelea. Ncha za vidole nazo zikaanza ganzi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na jirani ambaye wamejigamba mbele yake kwamba mashine ni bora kuliko kamba. Nikaficha mikono chini ya shuka.

Siku ya tatu, saa za wageni, bamama wa shirika letu la parokia walikuja, saba, na rozari, na chupa za jus, na harufu ya pafyumu ya Jumapili. Walizunguka kitanda changu, wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa wengine, ambao walikuwa wamejiunga nao kwa sauti ya juu. Mkamwana akafika katikati na kapu lake: bugali, mboga ya lengalenga, sambaza. Na njaa, jamani, njaa haina kiburi. Nikamwambia aonje, akaonja, bamama wakacheka kama kawaida, nami nikala. Tonge la kwanza tamu. Tonge la pili tamu zaidi. Hilo ndilo lililoniudhi.

Tonge la tatu halikufika. Vidole vyangu vilijikunja vyenyewe. Dole gumba likaingia ndani ya kiganja, vingine vikanyooka vikashikana, mkono ukawa kama mdomo wa ndege, na sikuweza kuufungua hata kwa mkono mwingine, maana mkono mwingine nao ulikuwa unafanya vilevile. Uso ukakaza. Nikaogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku risasi zilipolia mtaani kwetu. Na katika hofu ile, shule yangu yote, diploma yangu, kitabu cha hijiyeni nilichofundishia, vilikimbia, akabaki msichana wa kijijini aliyelelewa na bibi yake.

"Karuho!" nikalia. "Amenipa karuho! Huyu! Huyu!"

Sauti haikuwa na nguvu, lakini neno hilo halihitaji nguvu. Wimbo ulikatika. Mama mmoja alichukua mkoba wake kutoka mezani, karibu na sahani, akaufuta. Mwingine akasema "Yezu Maria" akarudi nyuma mpaka akaketi juu ya mguu wa mgonjwa. Wote saba walimwangalia mkamwana wangu, na kwenye nyuso za wale wanawake wa sala sikuona hata mmoja ulioshangaa. Kumbe vicheko vyangu vyote vya "onja kwanza" vilikuwa vimeshawaandaa. Nilikuwa nalima shamba hilo mwaka mzima bila kujua nitavuna lini.

Yeye hakulia. Aligeuka akakimbia mpaka mwisho wa ukumbi, akiita, "Munganga! Munganga! Maman anakaza mikono!" Akarudi na daktari kijana, wote mbio.

Daktari hakuuliza chochote juu ya sumu. Alinigonga shavuni kwa kidole, mbele kidogo ya sikio, taratibu kama mtu anayebisha mlango wa wakubwa, na pembe ya mdomo wangu ikaruka yenyewe. Akagonga tena, ikaruka tena. "Kalsiamu imeshuka," akamwambia muuguzi. Wakaleta sindano, akaisukuma katika mshipa polepole, polepole sana, mkono wake mwingine ukihesabu mapigo yangu. Joto likanipanda mwilini.

Na mkamwana wangu? Aliketi kwenye kigoda chake. Akachukua ile sahani yangu, pale nilipoishia, akaanza kula. Tonge baada ya tonge, bila haraka, akiwaangalia wale bamama mmoja mmoja. Alikula lengalenga, akala sambaza wote, akapangusa sahani kwa bugali la mwisho. Alipomaliza, vidole vyangu vilikuwa vinafunguka.

Daktari akaniuliza, "Maman, vidonge mulitafuna vyote?"

"Vyote," nikasema. Haya nilikuwa nayo, lakini uongo ulikuwa karibu zaidi.

"Munganga," akasema bibi wa Walungu kutoka kitandani kwake, "fungua ile fundo ya kitenge yake. Tangu juzi namuangalia. Anatafunaka upepo."

Kijana akafungua. Vidonge kumi vikamwagika juu ya shuka, vyeupe, vizima, kimoja kikaviringika chini ya kitanda na mama wa shirika akakirudisha kwa adabu. Wodi nzima ilicheka, na aliyecheka kwa nguvu zaidi ni yule aliyekaliwa mguu.

Mtu wa tabia yangu hakubali kushindwa upesi. Alipokuja daktari muzee jioni kuona watu wake, nilikuwa nimeshapata mwingine wa kumlaumu. "Ni mashine," nikamwambia. "Imeniunguza zile punje. Huyu bibi uliyemfunga na uzi hana kitu."

"Hana kitu?" akasema muzee. Akamgeukia bibi. "Mama, vidole?"

"Sisimizi ilikuwako jana yote," akajibu bibi. "Nikatafuna dawa. Ikapunguka."

Muzee akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu. Akanieleza kwamba joto linaweza kudhuru punje, ndiyo, na yeye mwenyewe analiogopa. Lakini uzi nao ukifungwa vibaya unazinyima damu, na wakati mwingine hata kuguswa tu kunazitosha, zinanuna siku kadhaa kisha zinarudi kazini. Yeye na kijana wanabishana kila siku juu ya hilo na hawajamaliza. "Pengine mashine iligusa, Maman. Pengine hapana. Sijue. Lakini hii fundo ya kitenge, haikufungwa na mashine."

Nilitafuna viwili mbele yake, chaki tupu, machozi yakitoka.

Mnadhani imeishia hapo? Neno likitoka limetoka. Bamama wangu waliona vidonge, walisikia daktari, walicheka na wenzao. Lakini waliposhuka kilima walibeba lile neno, si vidonge. Kufikia soko la Kadutu mimi nilikuwa nimetapika povu. Kufikia lango la chuo nilikuwa nimekufa. Nilirudi nyumbani baada ya siku tano, nikaketi uani, na adhuhuri ikapita, na alasiri nikamwona mkamwana akiingia na sufuria zake kichwani na mikononi. Alizitua. Nikafunua moja. Ilikuwa imejaa mpaka juu, sombe imeganda, haijaguswa na mwiko. Nikafunua ya pili. Vilevile.

"Tangu siku gani?" nikauliza.

"Tangu ile siku, Maman."

Alianza kumwaga chakula katika ndoo ya majirani wanaofuga nguruwe. Alimwaga yote, akasugua sufuria, akazipanga juu ya kitambaa, na nikaona pembeni pameketi begi lake, lile alilokuja nalo kutoka Shabunda, zipu iko wazi. Hakusema anaondoka. Mtu wa maneno machache hasemi, anakunja nguo.

Msinilaumu kwamba sikuomba msamaha palepale. Niliomba. Nilisema "Unisamehe, mwanangu," naye akasema "Ni sawa, Maman," na wote wawili tulijua kwamba maneno ya uani hayatafika langoni. Nilimtukana mbele ya watu. Ilibidi nile mbele ya watu.

Kesho yake alienda kama kawaida. Nadhani alitaka kujaribu mara ya mwisho. Mimi nilingoja adhuhuri. Nikavaa kitenge cha heshima, liputa yangu ya Pasaka, ya rangi ya machungwa, inayoonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Foulard sikuvaa. Nikaacha bandeji waione vizuri. Nikachukua pikipiki, nikamwambia dereva aende polepole, si kwa sababu ya shingo bali ili watu wanione.

Chini ya turubai la bluu benchi zote mbili zilikuwa tupu. Wanafunzi walisimama ng'ambo ya barabara wakila beignets za mtu mwingine, maandazi baridi, wakitupia sufuria zetu macho ya mahaba. Waliponiona waliacha kutafuna. Wa fakulte yangu walinijua, na wengi wao walikuwa wamesikia kwamba nimezikwa. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Niliketi katikati ya benchi. "Nipe bugali," nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "na sombe, na sambaza. Mingi."

Mkamwana akapakua. Mikono yangu safari hii ilikuwa imetulia. Akashika sahani mbele yangu, akachukua samaki mmoja kwa vidole, akauliza kwa sauti ya chini, "Nionje, Maman?"

"Hapana," nikasema. "Leta."

Nikala. Nilianza na vichwa vya sambaza, nikavivunja kwa meno ili wasikie huko ng'ambo. Koo lilikuwa bado linauma, na kila tonge lilishuka kwa taabu, lakini nilikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini. Walikuwa wananiangalia vidole. Nilipomaliza nikainua mikono yote miwili juu, nikaikunjua, nikaikunja, nikaikunjua, mbele ya wale vijana wote wa chuo.

"Maman secrétaire, muko muzima?" akauliza mmoja.

"Kuja kula, weye," nikamwambia, "ao ile karatasi yako ya pointi utaipata mwaka ya kesho."

Akavuka barabara. Baada yake wawili. Baada yao benchi zilijaa, na wengine walikula wamesimama, na mkuu wa fakulte alituma mtu na sahani, ambaye nilimwambia, "Mwambie Professeur, mupishi ni mutoto wangu."

Mkamwana alisikia. Hakugeuka, alikuwa anapakua. Lakini msururu ulipopungua alikuja na kisosi kidogo, ndani yake vidonge vyangu viwili vya mchana. Nikanyoosha mkono. Akakirudisha kisosi nyuma. Alichukua kimoja, akakivunja vipande viwili kwa kisu, akatia kipande kimoja mdomoni mwake. Akakitafuna palepale mbele ya benchi zote mbili, chaki ikimwachia weupe midomoni, akiniangalia kwa yale macho yake, mpaka akameza.

"Nimeonja, Maman," akasema. "Sasa tafuna."

Benchi zote mbili zikaangua kicheko. Nami nikatafuna, na niliposema nimemaliza, akaniambia nifungue mdomo aone.